Asparagasi ya moto mkali: namna ya kuibanika jikoni kwako

Jirani yangu ana shamba dogo upande wa Bahati, na alingoja karibu miaka mitatu kabla ya kuvuna fungu lake la kwanza la asparagasi, ile mboga ya machipukizi ya kijani yaliyonyooka kama vijiti. Mmea huu ndivyo ulivyo. Ukiupanda kwa mbegu huukati mwaka wa kwanza. Unauacha ujenge mizizi, na ukishakomaa unakupa machipukizi miaka kumi na zaidi kutoka mizizi ile ile. Alipovuna, akaja na fungu moja hadi mlangoni kwangu hapa Nakuru, nami nikalichemsha kama ninavyochemsha mboga nyingine. Nilipofunua sufuria, rangi ilikuwa ya jani lililozeeka, na kila kijiti nilichokiinua kwa uma kilining'inia kama kamba iliyolowa. Watoto walionja, wakasukuma sahani. Nilisikitika sana, maana nilijua kazi ya miaka mitatu ya mtu ilikuwa imeishia kwenye maji ya moto.

Tangu siku hiyo siichemshi. Naibanika juu ya makaa, naioka kwenye oveni, au naichoma kwenye kikaango kikavu cha chuma. Njia ni tatu lakini kanuni ni moja: maji yatoke haraka, moto uingie haraka, na mboga iepuliwe ingali na uhai.

Maji ya Nakuru na moto wa Nakuru

Zaidi ya asilimia 90 ya kijiti cha asparagasi ni maji. Ukikitia kwenye sufuria ya maji unaongeza maji juu ya maji, na ladha inahamia kwenye mchuzi utakaoumwaga. Halafu kuna jambo ambalo sisi wa nyanda za juu tunalisahau. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzijoto 94, si 100 kama Mombasa. Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi, maji yake huchemka karibu nyuzijoto 96. Mapishi yakikuambia dakika nne za kuchemsha, hapa zinaongezeka, na mboga laini namna hii haistahimili dakika za ziada.

Kikaango kikavu hakina shida hiyo. Kikiwekwa motoni kinavuka nyuzijoto 200 Nakuru sawasawa na kinavyovuka pwani. Na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu sukari na protini za mboga huanza kubadilika rangi na kutoa harufu ya choma zikifika karibu nyuzijoto 140. Maji hayafiki huko hata uyachochee kuni mchana kutwa. Mfikirie yule anayechoma mahindi kando ya barabara, na mwenzake anayeyauza yakiwa ya kuchemsha. Mahindi yametoka shamba moja, lakini hakuna mtu anayechanganya ladha hizo mbili.

Kununua

Usitegemee kuikuta kwa kila mama mboga. Mimi huipata kwenye majokofu ya mboga ya supamaketi kubwa za mjini, na si kila wiki. Ukiwa na mama mboga mnayeelewana, mwagize mapema. Wengi wao wanajua pa kuipata kuliko tunavyodhani.

Ukiishika, anza na ncha. Ziwe zimefungana kama ngumi, kavu, za kijani au zenye urujuani kidogo. Zikianza kufunguka kama mkia wa kuku, au zikiteleza ukizigusa, rudisha. Kisha geuza fungu uangalie vitako: visiwe vimekauka na kupasuka. Mwisho, sugua vijiti viwili pamoja karibu na sikio. Vibichi hulia, sauti nyembamba kama ya kiatu kipya. Vilivyolegea havisemi kitu.

Fungua raba iliyofunga vijiti uangalie katikati ya fungu. Niliwahi kununua fungu zuri kwa nje, nikafika nyumbani nikakuta vijiti sita vya ndani vimeoza ncha kwa sababu vilibanwa vikiwa na majimaji, na harufu ya kimoja kilichooza huingia kwa wenzake.

Kuhusu unene, watu wengi hudhani kijiti kinene ndicho kilichozeeka. Sivyo. Kijiti hutoka ardhini kikiwa na unene wake tayari. Kinachokifanya kigumu ni siku zilizopita tangu kikatwe, na mara nyingine urefu kilioachwa kufikia shambani. Kwa moto mkali mimi napendelea vya unene wa kidole, kwa sababu vinapata muda wa kubadilika rangi nje kabla ya ndani kulegea. Vyembamba kama kalamu vinaiva haraka mno. La muhimu ni vilingane. Ukichanganya vinene na vyembamba kwenye trei moja, lazima upande mmoja uharibike.

Na tahadhari: lile jani laini kama manyoya linalofungwa pamoja na mawaridi kwenye maua ya harusi ni ndugu wa asparagasi, lakini ni la mapambo tu. Vilevile vile vitunda vyekundu vinavyotokea mmea ukikomaa haviliwi, na vikiwa uani wafundishe watoto wasiviguse.

Kuihifadhi ikibidi

Ile siku uliyoinunua ndiyo siku ya kuipika. Asparagasi huendelea kupumua baada ya kukatwa, tena kwa kasi kuliko mboga nyingi, na chakula chake ni ile sukari uliyoilipia. Kila saa utamu unapungua na ugumu unapanda kutoka chini. Joto huharakisha mambo, kwa hiyo aliye Kisumu ana haraka zaidi kuliko aliye Molo.

Ikilazimu kungoja hadi kesho, kata sentimita moja chini, visimamishe vijiti kwenye glasi yenye maji ya kina cha vidole viwili, kama maua, funika ncha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, weka kwenye friji. Usivilaze kwenye karatasi ya nailoni iliyofungwa. Jasho lake lenyewe litaviozesha.

Kuondoa ugumu

Shika kijiti kimoja kwa mikono miwili, mkono mmoja kwenye kitako, mwingine katikati, kisha kikunje polepole. Kitapinda, kitapinda, halafu kitakatika ghafla kwa mlio mkavu kama mshiri mbichi, yale maharagwe ya kijani yanayoliwa na ganda lake. Pale kilipokatika, au chini yake kidogo, ndipo ugumu unapoishia. Sehemu ya chini ukiitafuna ni kama muwa: utamu kidogo, halafu unabaki na makapi mdomoni.

Usivunje vyote hivyo. Ukivunja kila kijiti kwa mkono unapoteza nyama nyingi nzuri, kwa sababu mara nyingi hukatika juu kuliko inavyohitajika. Vunja kimoja kama kipimo, vipange vingine kwenye kibao kitako kwa kitako, ukate kwa kisu, sentimita moja au mbili chini ya kile kipimo. Kisha kwa vile vinene, parua ngozi ya sehemu ya chini kwa kisu kidogo, kiasi cha urefu wa kidole gumba. Nyama iliyo chini ya ngozi hiyo ni laini. Vitako vilivyobaki chemsha na kitunguu na kiazi kimoja, uponde, uchuje, upate supu.

Kuosha, na zaidi ya yote kukausha

Hapa ndipo watu wanapoikosea asparagasi, nami nilikosea hapa mara nyingi hata baada ya kuacha kuichemsha. Naomba usiipite hatua hii mbio.

Mchanga hujificha kwenye ncha, katikati ya vile vijani vidogo vilivyobanana. Tia maji baridi kwenye beseni, shika vijiti fungu, vitumbukize kichwa chini, uvitikise mara kadhaa. Mwaga, rudia. Ukiona maji ya pili ni safi, inatosha. Usiviloweke.

Sasa tandaza kitambaa kikavu cha jikoni juu ya meza, vipange bila kulaliana, funika kwa kitambaa kingine, viringisha kwa kiganja kama unavyoviringisha donge la chapati. Funua, viache dakika kumi vipigwe na hewa. Kisha chukua kimoja, pitisha kidole kwenye ncha. Ncha ikiacha unyevu kidoleni, bado.

Sababu ni hii. Kulifanya tone la maji ligeuke mvuke kunakula moto zaidi ya mara tano ya ule unaohitajika kulitoa kwenye ubaridi wa barafu hadi lichemke. Kwa hiyo kijiti kilicholowa kinaingia kwenye kikaango, na kikaango, badala ya kuchoma, kinaanza kukausha. Moto unashuka, mvuke unapanda, na kwa dakika nne za mwanzo unachemsha bila kujua. Mboga ikija kukauka, ndani imeshalegea. Utaona tu haina alama ya moto na hutajua ni kwa nini.

Mafuta na chumvi

Kwa nusu kilo, kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya alizeti kinatosha. Mimina juu ya vijiti kwenye bakuli pana, uvipake kwa mikono hadi ving'ae. Mafuta si ya kukaangia hapa. Kazi yake ni kuunganisha kijiti na moto ili joto lishike ngozi nzima, na ikiwa yametuama chini ya bakuli umezidisha. Siagi isitumike sasa, itaungua. Vivyo hivyo kitunguu saumu: kikiingia mwanzo kinageuka cheusi na kichungu kabla mboga haijaiva.

Chumvi, nusu kijiko cha chai, itiwe dakika ile ile unayoingia motoni. Ukiitia mapema itavuta maji kutoka ndani, na unyevu ulioufukuza kwa kitambaa utarudi.

Njia ya kwanza: oveni

Washa oveni nyuzijoto 220, na kwa zile za gesi zenye namba, ni 7. Acha trei tupu humo ndani ipate moto pamoja na oveni, dakika 15 hadi 20. Wengi huweka mboga mara taa inapozima, trei ikiwa baridi. Unataka kusikia mlio wa chaa mboga inapogusa chuma.

Vitandaze vijiti safu moja, na kati ya kijiti na kijiti pawe na nafasi ya unene wa kidole. Trei ikijaa, oka mara mbili. Vilivyobanana hupikana kwa mvuke. Weka trei kwenye ngazi ya juu ya katikati. Vyembamba vichukue dakika 6 hadi 8, vya unene wa kidole 10 hadi 12. Tikisa trei mara moja tu katikati ya muda. Ukifungua mlango wa oveni kila dakika mbili, moto unatoka na umeme unakwenda bure.

Njia ya pili: kikaango kikavu

Kile kikaango kizito cha chapati kinafaa sana. Kiweke kwenye moto mkubwa, bila mafuta, dakika nne au tano. Nyunyiza tone moja la maji: likiruka na kucheza kisha likatoweka, kiko tayari. Panga vijiti safu moja, kisha uondoe mkono. Usikoroge. Dakika mbili kamili bila kuvigusa, ndipo ugeuze kwa koleo. Upande wa chini uwe na madoa ya kahawia na malengelenge madogo. Endelea kugeuza hadi jumla ya dakika 5 hadi 7. Usifunike. Kifuniko kinarudisha mvuke wote uliotaka utoke.

Njia ya tatu, ninayoipenda kuliko zote: jiko la makaa

Fungu la pili la jirani tulilipikia uani, kwenye jiko la kawaida la udongo ndani na bati nje. Alikuja akiwa na wasiwasi, nadhani alikumbuka nilivyomwambia kuhusu lile la kwanza. Ncha ziliposhika moto na ile harufu ikapanda, kama njugu zinazokaangwa karibu na mahindi mabichi, alichukua kijiti kwa vidole akakila kikiwa bado cha moto, kisha cha pili, kisha cha tatu, kabla ugali haujaepuliwa.

Washa makaa mapema uyaache hadi yavae majivu meupe na moshi uishe. Moshi wa makaa ambayo hayajashika vizuri unaacha uchungu kwenye mboga laini. Weka kiganja juu ya jiko, kiasi cha upana wa kiganja chenyewe na kidogo zaidi, uhesabu. Ukiondoa mkono kwenye tatu au nne, moto ni huo. Ukifika sita, pepea. Lakini pepea kabla ya kuweka mboga, maana majivu yakiruka yanatua kwenye ncha zenye mafuta na hayatoki.

Weka wavu, na uache dakika tatu upate moto. Vijiti vilale kukatisha nyaya, la sivyo vitadondoka kimoja kimoja. Kama nafasi za wavu ni kubwa, chukua vijiti viwili vya mshikaki vilivyolowekwa majini, utoboe asparagasi tano au sita sambamba, kimoja karibu na ncha, kingine karibu na kitako. Unapata kama ngazi ndogo unayoigeuza kwa mara moja. Dakika mbili na nusu upande mmoja, mbili upande wa pili. Vinene sana viongeze dakika moja pembeni ambako makaa ni machache.

Jiko la makaa likae nje, au mlangoni kwenye hewa ya kutosha. Hata makaa yasiyotoa moshi hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua watu ndani ya nyumba zilizofungwa. Usiku wa Nakuru ni wa baridi na kishawishi cha kuliingiza jiko ndani ni kikubwa. Usiliingize.

Kujua imeiva

Saa inasaidia, lakini jicho na mkono ndio waamuzi. Shika kijiti katikati kwa koleo ukiinue. Kikibaki kimenyooka kama penseli, bado. Kikiinama kidogo pande zote mbili, kama upinde usiovutwa sana, kitoe. Kikianguka pande zote mbili, umechelewa. Hakikisha kwa ncha ya kisu kwenye kitako: iingie, lakini ikusumbue kidogo. Rangi iwe ya kijani iliyokolea yenye madoa ya kahawia, na vijani vya nchani viwe vimekauka hadi vinavunjika mdomoni.

Itoe kabla hujaridhika kabisa, kwa sababu joto lililo ndani linaendelea kuipika dakika moja au mbili sahanini. Na sahani isifunikwe, hata kwa kitambaa. Wageni wakichelewa, iache wazi ipoe. Ikiwa vuguvugu ina ladha nzuri, ikifunikwa inalegea.

Vya kutia juu

Limau linakamuliwa mezani, si jikoni. Ukali wake unabadilisha ile kijani kuwa rangi ya jani lililokauka mboga ikiwa bado motoni, lakini kwa dakika chache za kula haina madhara. Nusu limau kwa nusu kilo. Kama unapenda siagi au kitunguu saumu kilichopondwa, yeyusha pamoja kwenye kijiko juu ya moto mdogo umwagie mwishoni.

Mimi nimetulia kwenye simsim. Ikaange kikavu hadi ianze kurukaruka, iponde nusu nusu kwenye kinu pamoja na chembe ya chumvi na pilipili manga, unyunyize. Watu wa upande wa Busia wanaijua simsim vizuri, na ukiwa na ndugu huko omba akuletee kilo. Njugu karanga zilizopondwa zinafaa pia. Hapo weka pembeni ngege wa kukaanga na ugali, au mayai mawili ya macho juu ya vijiti vyenyewe, kiini kikipasuka kinakuwa mchuzi.

Baadaye usishtuke ukienda msalani ukasikia harufu kali ya ajabu kwenye mkojo. Mwili unavunja asidi iliyo kwenye asparagasi na kutoa kemikali za salfa, nazo zinatoka haraka. Si ugonjwa. Wapo watu ambao hawaisikii harufu hiyo kabisa, kwa hiyo ndani ya nyumba moja mnaweza kubishana.

Ukiikosa sokoni

Chukua mishiri. Inapatikana mwaka mzima, na hatua ni zile zile: kata vikonyo, osha, kausha hadi ncha, kijiko kimoja cha mafuta kwa nusu kilo, safu moja. Tofauti ni muda, kwa sababu ngozi yake ni ngumu zaidi na haifai kuliwa mbichi. Oveni dakika 14 hadi 16, kikaango dakika 9 hadi 10, na kwenye makaa tumia karai lenye matundu, maana kwenye wavu itapita yote.